Dawa Mseto za Saratani ya Tezi Dume: Majaribio, Tumaini na Dhamiri

Mwezi Mei 2025 ofisi ya Joe Biden, Rais mstaafu wa Marekani na muumini wa Kanisa Katoliki, ilitangaza kwamba amegundulika kuwa na saratani ya tezi dume ya aina kali, iliyokwisha kusambaa hadi kwenye mifupa. Taarifa hiyo iliongeza kwamba saratani yenyewe ilionekana bado kutegemea homoni, na kwa sababu hiyo ingeweza kudhibitiwa kwa matibabu. Habari ilizunguka dunia kwa siku moja. Katika parokia zetu ilifungua maongezi ambayo wanaume kwa kawaida huyakwepa.

Majuma machache baadaye, baada ya Misa ya Jumapili, mzee mmoja wa Utume wa Wanaume Katoliki, UWAKA, alitusubiri kando ya sakristia. Alikuwa na ugonjwa uleule. “Baba,” alisema, “mimi si Rais, lakini mifupa inauma namna moja.” Kisha akatoa maswali matatu. La kwanza: hospitalini ameshauriwa aondolewe korodani, je, jambo hilo ni halali kwa Mkristo? La pili: mwanawe anayefanya kazi ng’ambo amemtumia habari kwamba siku hizi wagonjwa wa aina yake hupewa dawa tatu kwa pamoja, na familia imeanza kuzungumzia kuuza shamba, je, ni wajibu wake kukubali? La tatu: jirani amemwambia kwamba dawa hizo bado zinajaribiwa kwa watu kama wanavyofanyiwa panya wa maabara; je, akialikwa kushiriki utafiti, akubali au akimbie?

Hatukuwa na majibu ya papo hapo. Tuliomba muda, tukasoma, tukawauliza matabibu tunaowaamini. Haya tunayoyaandika hapa ndiyo tuliyomrudishia mzee wetu. Tunayatoa kwa waamini wote, kwa kuwa maswali hayo matatu yamo katika familia nyingi, hata pale ambapo hakuna mtu aliyethubutu kuyatamka.

Ugonjwa unaolishwa na homoni

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu cha mkojo. Saratani yake huweza kukua kimya kwa miaka mingi, na mara nyingi dalili huonekana wakati ugonjwa umekwisha kutoka nje ya tezi. Tume iliyoundwa na jarida la tiba la The Lancet ilitoa taarifa yake mwaka 2024, ikikadiria kwamba wagonjwa wapya wa saratani hii duniani wataongezeka kutoka milioni 1.4 mwaka 2020 hadi milioni 2.9 mwaka 2040, na kwamba ongezeko kubwa litazikumba nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa wanaume wa Tanzania, saratani hii ndiyo inayoongoza. Wengi wetu hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea, na hapo lengo la matibabu si tena kuung’oa, bali kuuzuia, kurefusha maisha na kupunguza maumivu.

Msingi wa tiba hiyo uliwekwa mwaka 1941 katika Chuo Kikuu cha Chicago. Daktari Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges walionyesha kwamba saratani ya tezi dume iliyosambaa hulishwa na homoni ya kiume, testosteroni, na kwamba homoni hiyo ikipunguzwa, ugonjwa hunywea. Mwaka 1966 Huggins alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kwa kuwa sehemu kubwa ya testosteroni hutengenezwa katika korodani, njia ya kwanza ilikuwa kuziondoa kwa upasuaji mdogo. Baadaye zikaja sindano zinazofanya kazi hiyohiyo bila kisu, ambazo mgonjwa huchomwa kila baada ya muda fulani. Upasuaji unabaki kuwa njia iliyo nafuu, hufanyika mara moja tu, na matokeo yake juu ya homoni hulingana na ya sindano.

Hapa tunafikia swali la kwanza la mzee wetu, na pengine wengi watashangaa kusikia kwamba Kanisa lilikwisha kulijibu. Tarehe 8 Oktoba 1953 Papa Pio XII alizungumza na madaktari wa Italia wanaoshughulikia njia ya mkojo, nao walikuwa wamemuuliza jambo hilihili: je, ni halali kuondoa kiungo kisicho na ugonjwa, yaani korodani, ili kuzuia saratani iliyo mahali pengine mwilini? Papa alijibu kwamba kiungo kipo kwa ajili ya mwili mzima, na akaweka masharti matatu. Kiungo hicho, kwa kuendelea kuwapo au kufanya kazi, kiwe kinauletea mwili mzima madhara makubwa au hatari. Madhara hayo yasiweze kuepukwa au kupunguzwa vya kutosha kwa njia nyingine, na upasuaji wenyewe uwe na manufaa ya hakika. Tena, kuwe na sababu ya kutumaini kwamba faida itazidi hasara. Masharti hayo yakitimia, mwanaume anayekubali upasuaji huo hatendi dhambi, wala hajapungukiwa heshima yake kama mume na baba. Anautunza uhai aliokabidhiwa.

Hatusemi kwamba gharama ya moyo ni ndogo. Tiba ya kushusha homoni, iwe kwa kisu au kwa sindano, huleta joto la ghafla mwilini, hupunguza hamu ya tendo la ndoa, hudhoofisha mifupa na misuli. Wapo waume wanaonyamaza, na wake zao hudhani wamekataliwa. Daktari na padre wote wawili wanapaswa kulisema jambo hili waziwazi mbele ya mume na mke, mapema, kabla halijageuka kuwa ugomvi usio na jina.

Kwa nini mseto?

Tiba ya homoni peke yake hufanya kazi kwa muda, kisha ugonjwa hujifunza kuishi bila homoni nyingi, au hata kujitengenezea wenyewe. Jambo hili si geni kwetu. Sote tunakumbuka jinsi malaria ilivyozoea klorokwini, hadi Tanzania ikaiacha mwaka 2001 na, miaka michache baadaye, ikaingia katika dawa mseto. Mantiki ni ileile: adui anayeweza kukwepa silaha moja hupata shida kukwepa mbili zinazompiga kutoka pande tofauti.

Hata hivyo, mantiki peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Ndiyo maana mseto lazima ujaribiwe: wagonjwa wengi hugawanywa kwa kura katika makundi, kundi moja likipata tiba iliyozoeleka na jingine likipata tiba hiyo pamoja na dawa mpya, kisha matokeo hulinganishwa kwa miaka.

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani lijulikanalo kama CHAARTED. Wanaume 790 wenye saratani iliyosambaa, ambao ugonjwa wao bado ulitegemea homoni, waligawanywa katika makundi mawili: tiba ya homoni pekee, au tiba ya homoni pamoja na mizunguko sita ya dawa ya tibakemia iitwayo dosetakseli. Katika kundi la kwanza nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 44. Katika kundi la mseto nusu waliishi zaidi ya miezi 57. Dosetakseli haikuwa dawa mpya. Ilikuwa ikitumika tangu mwaka 2004, lakini kwa wagonjwa ambao tiba ya homoni ilikuwa imekwisha kushindwa. Jambo jipya lilikuwa kuitumia mapema, pamoja na tiba ya homoni.

Mwezi Juni 2017, katika mkutano mkuu wa madaktari wa saratani uliofanyika Chicago, mji uleule wa Huggins, yalitangazwa matokeo ya majaribio mawili ya dawa ya vidonge iitwayo abirateroni, ambayo huzuia mwili kutengeneza testosteroni popote pale. Katika jaribio la LATITUDE, lililowahusisha wanaume 1,199, baada ya miaka mitatu wagonjwa 66 kati ya kila 100 waliopewa mseto walikuwa hai, ikilinganishwa na 49 kati ya 100 wa kundi jingine. Katika jaribio la Uingereza liitwalo STAMPEDE, lenye wanaume 1,917 katika ulinganisho huo, hesabu ilikuwa 83 dhidi ya 76.

STAMPEDE inastahili neno la ziada. Jaribio hilo lilianza kupokea wagonjwa mwaka 2005, na kwa miaka iliyofuata liliwahusisha karibu wanaume 12,000. Badala ya kujaribu dawa moja kwa wakati mmoja, lilijaribu kadhaa kwa pamoja dhidi ya kundi moja la ulinganisho. Dawa iliyoonekana kutofaa iliondolewa njiani, kama ilivyotokea kwa selekoksibu mwaka 2011, na dawa mpya ziliingizwa. Kwa njia hiyo wagonjwa wachache zaidi walibaki katika tiba isiyo na faida.

Mwaka 2022 ikaja hatua ya dawa tatu. Jaribio la PEACE-1, lililoongozwa kutoka Ufaransa, liliunganisha tiba ya homoni, dosetakseli na abirateroni. Jaribio la ARASENS liliunganisha tiba ya homoni, dosetakseli na darolutamidi. Katika ARASENS, baada ya miaka minne wagonjwa wapatao 63 kati ya 100 waliopata dawa tatu walikuwa hai, dhidi ya 50 kati ya 100 waliopata mbili. Hizi ndizo habari alizozituma mwana wa mzee wetu, nazo ni za kweli.

Njema mbili zinapokutana vibaya

Lakini kuna upande mwingine ambao hausafiri haraka kwenye simu.

Dawa ya mionzi iitwayo radiamu-223 huingia kwenye mifupa na kuipiga saratani iliyojificha humo. Mwaka 2013 ilithibitishwa kwamba, ikitumiwa na wagonjwa wanaofaa, hurefusha maisha. Abirateroni nayo hurefusha maisha. Je, si jambo la akili kuziunganisha? Jaribio la ERA 223 lilifanya hivyo kwa wanaume 806. Mwaka 2017 ilibidi siri ya nani anapata dawa ipi ifunguliwe kabla ya wakati, kwa sababu katika kundi la mseto mifupa ilikuwa ikivunjika zaidi na vifo vilikuwa vingi zaidi. Taarifa ya mwisho ilionyesha kwamba wagonjwa 29 kati ya 100 waliopewa dawa zote mbili walivunjika mifupa, ikilinganishwa na 11 kati ya 100 waliopata abirateroni na dawa bandia.

Halikuwa jaribio la pekee lililoshindwa. Dosetakseli iliunganishwa na bevasizumabu, na maisha hayakurefuka. Iliunganishwa na lenalidomidi, dawa inayowasaidia wagonjwa wa saratani nyingine, na jaribio likasitishwa kwa kuwa waliopewa mseto walikufa mapema zaidi. Kila moja ya michanganyiko hiyo ilikuwa na sababu nzuri kwenye karatasi, na kila moja ilitetewa na wataalamu wenye nia njema.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo kiini cha makala yetu. Dawa mbili zilizo njema, kila moja peke yake, si lazima ziwe njema zikikutana ndani ya mwili wa mgonjwa. Hakuna anayeweza kulijua hilo kwa kukisia, wala kwa kuomba tu, wala kwa kuangalia bei ya dawa. Hujulikana kwa sababu wapo wanaume wagonjwa waliokubali kupimwa, wengine wakapata faida, wengine wakapata hasara. Anayewauzia wagonjwa michanganyiko isiyojaribiwa, iwe vidonge vya dukani, dawa za mitishamba juu ya dawa za hospitali, au maji yenye maombi yanayoambatana na amri ya kuacha dawa, anafanya jaribio pia. Tofauti ni kwamba jaribio lake halina kamati, halina hesabu, wala halina mtu wa kulisitisha mifupa inapoanza kuvunjika.

Mgonjwa si chombo

Je, basi, jirani alikosea aliposema habari za panya? Hofu yake ina historia. Kati ya mwaka 1932 na 1972, huko Tuskegee katika jimbo la Alabama, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, ambao 399 kati yao walikuwa na kaswende, bila kuwaeleza ukweli na bila kuwatibu, hata pale penisilini ilipokuwa imekwisha kujulikana kuwa ni tiba. Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa mwaka 1997. Watu weusi wanapouliza maswali mbele ya mtafiti, wasiitwe wajinga. Wana kumbukumbu.

Mafundisho ya Kanisa hayakatazi utafiti, wala hayaufungulii mlango wote. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kuanzia namba 2292, inakubali kwamba majaribio ya kitabibu juu ya binadamu yanaweza kuwasaidia wagonjwa na kuendeleza afya ya jamii. Lakini katika namba 2295 inafundisha kwamba hata ridhaa ya mhusika haiwezi kuhalalisha tendo linalopingana na hadhi ya mtu, kwamba jaribio linaloweka uhai katika hatari isiyo na uwiano au inayoepukika si halali, na kwamba kumfanyia mtu jaribio bila ridhaa yake, akiwa ameelezwa vya kutosha, ni kinyume cha hadhi hiyo.

Kwa hiyo tulimwambia mzee wetu kwamba, akialikwa siku moja, aulize maswali haya kabla ya kutia sahihi au dole gumba. Utafiti huu umepitishwa na kamati ya maadili ipi? Nikiangukia kundi lisilopata dawa mpya, nitapata tiba gani? Katika majaribio tuliyoyataja, hakuna aliyeachwa bila tiba. Waliopewa dawa bandia waliendelea kupata tiba ya homoni iliyokuwa imezoeleka. Nani anaangalia madhara yanapotokea, na ana mamlaka ya kusitisha? Katika LATITUDE kamati huru, baada ya kuona tofauti kubwa mapema, ilishauri wagonjwa wa kundi la pili nao waruhusiwe kuhamia kwenye abirateroni. Nikiumia, nani atagharimia? Naweza kujitoa bila kunyimwa huduma ya kawaida? Na dawa ikifaulu, je, nitaendelea kuipata, au itaondoka na ndege pamoja na watafiti?

Akipata majibu ya kweli, akaona moyo wake umetulia, kukubali kwake si ujinga wala si kujiua. Kunaweza kuwa tendo kubwa la upendo, kwa maana faida ya wazi mara nyingi huenda kwa wagonjwa watakaokuja baadaye, ambao hatawajua kamwe. Na akikataa, hatendi kosa. Upendo wa namna hiyo hauwezi kudaiwa kwa nguvu, wala kwa kumtia mgonjwa haya mbele ya daktari au padre.

Shamba liuzwe?

Swali la pili ndilo lililokuwa likimwondolea usingizi. Kanisa limefundisha kwa karne nyingi, na Papa Pio XII alilirudia mwaka 1957 alipozungumza na madaktari wa usingizi, kwamba tunawajibika kutumia njia za kawaida za kuutunza uhai, kulingana na hali ya mtu, mahali na nyakati. Yaani njia zisizoleta mzigo mzito kupita kiasi kwa mgonjwa mwenyewe au kwa wengine. Katekisimu, namba 2278, inasema kwamba kuacha matibabu yenye mzigo mkubwa, ya hatari, au yasiyo na uwiano na matokeo yanayotarajiwa kunaweza kuwa halali. Huko si kutaka kifo. Ni kukubali kwamba hatuwezi kukizuia milele.

Shamba linalolisha wajukuu na kuwasomesha ni sehemu ya mizani hiyo. Baba halazimiki kuwaachia watoto umaskini ili anunue miezi. Lakini mizani ina upande wa pili, nao haukuwa umeelezwa kwa mzee wetu: kati ya kukata tamaa na kuuza shamba kuna hatua nyingi.

Kwanza, upasuaji alioshauriwa tayari unampa msingi wa tiba ambao majaribio yote makubwa yaliujenga juu yake. Pili, dosetakseli si tiba ya maisha. Katika CHAARTED ilikuwa mizunguko sita, kila baada ya majuma matatu, kisha basi. Ina madhara ya kweli, hasa kushuka kwa kinga, homa na ganzi ya vidole, na haimfai kila mzee. Daktari ndiye wa kupima. Tatu, haki miliki ya abirateroni imekwisha muda wake katika nchi kadhaa na sasa inatengenezwa na viwanda vingi. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Nne, habari ya dawa tatu ina pengo ambalo wataalamu wenyewe wanalijadili: PEACE-1 na ARASENS yalionyesha kwamba dawa tatu zinashinda mseto wa homoni na tibakemia, lakini hayakulinganisha dawa tatu na mseto wa homoni na kidonge bila tibakemia. Kwa wagonjwa wengi, basi, haijathibitishwa kwamba nyongeza ya tatu ina thamani ya mzigo wake.

Yupo pia utafiti mdogo unaopaswa kutajwa katika nchi kama yetu. Abirateroni humezwa bila chakula, miligramu 1,000 kwa siku, kwa sababu chakula huongeza sana kiasi kinachoingia katika damu. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya wagonjwa 72: waliomeza robo ya dozi, yaani miligramu 250, pamoja na kifungua kinywa chenye mafuta kidogo, kipimo chao cha PSA kilishuka sawa na cha wenzao wa dozi kamili. Utafiti huo ulipima PSA, si urefu wa maisha, na hakuna mgonjwa anayepaswa kujipunguzia dozi nyumbani. Lakini ni aina ya swali ambalo nchi maskini zina haki ya kuona likijaribiwa kwa ukubwa unaostahili, hata kama hakuna kiwanda kitakachotajirika kwa jibu lake.

Deni linalopaswa kukumbukwa

Hapa ndipo suala linapotoka katika dhamiri ya mgonjwa mmoja na kuwa suala la haki. Katika majaribio makubwa tuliyoyataja, wanaume wenye asili ya Afrika walikuwa wachache, ingawa saratani hii huwapata wanaume weusi kwa wingi: nchini Uingereza mwanaume mweusi mmoja kati ya wanne huipata katika maisha yake, ikilinganishwa na mmoja kati ya wanane kwa wanaume wote. Hivyo wanaoumia zaidi ndio wanaojulikana kidogo zaidi katika vitabu vya matabibu.

Mambo hayakuwa hivyo daima. Kuanzia mwaka 1970, wagonjwa wa kifua kikuu wa Afrika Mashariki walishiriki katika majaribio ya dawa mseto yaliyoendeshwa kwa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Matokeo yake, yaliyoanza kuchapishwa mwaka 1972, yalisaidia kuthibitisha kwamba tiba ya mwaka mmoja na nusu ingeweza kufupishwa hadi miezi sita, na mamilioni ya watu ulimwenguni wameponywa kwa njia hiyo. Baraza hilohilo ndilo lililochangia baadaye kuliendesha jaribio la STAMPEDE. Babu zetu, katika wodi za kifua kikuu, waliipa dunia zawadi. Si kuomba sadaka tunaposema kwamba matunda ya utafiti wa leo yafike Ocean Road, Bugando na hospitali nyingine zinazowahudumia wagonjwa wetu, na kwamba maswali ya wagonjwa wetu yawe miongoni mwa maswali yanayojaribiwa. Hilo tunaweza kuwaambia viongozi wetu, wasimamizi wa bima ya afya na wadau wa hospitali za Kanisa, bila hofu na bila matusi.

Tufanye nini parokiani?

Tunapendekeza mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mikutano ya UWAKA itenge siku moja kwa mwaka, tabibu aalikwe, na wanaume waliotimiza miaka 45 na kuendelea, hasa wale ambao baba au ndugu zao waliugua, wazungumze naye juu ya kupimwa. Jumuiya Ndogo Ndogo zichunguze ni mgonjwa gani anashindwa kurudi kliniki kwa kukosa nauli. Mara nyingi kinachokatiza mizunguko ya tibakemia ni basi, si dawa. Wake wasiachwe nje ya maongezi. Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa iombwe mapema, ugonjwa unapokuwa mzito, isisubiri pumzi ya mwisho. Na pale ambapo dawa zimefika mwisho, huduma ya kutuliza maumivu ni haki ya mgonjwa. Kusema “hakuna cha kufanya” si kweli, kwa maana kumkalia mtu kitandani pake na kumwondolea maumivu ni kufanya kitu.

Yoshua bin Sira anatufundisha, katika sura ya 38, kumheshimu tabibu na kutozidharau dawa ambazo Mungu amezitoa katika ardhi. Anatufundisha pia kusali wakati wa ugonjwa. Haviweki viwili hivyo katika ushindani.

Mzee wetu alifanyiwa upasuaji, kisha akaanza tibakemia kwa ushauri wa daktari wake. Shamba halijauzwa. Mzunguko wa tatu ulimlaza siku nne kwa homa, na hatujui bado ataishi miezi mingapi. Tulipomtembelea mara ya mwisho alituuliza kama wale wanaume 806 waliojaribiwa dawa ya mifupa waliwahi kuombewa. Tulimwambia hatujui. Akasema wawekwe katika nia za Misa ya Jumatano, pamoja na yeye. Wamewekwa, nasi tunawaalika wasomaji wetu kuungana naye katika nia hiyo.